Mbwa wadogo waliookolewa: Kwa nini vikundi vya uokoaji Uingereza hukuhoji kabla ya kukukabidhi mbwa?

Mwaka 2013, mbwa jike mdogo wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel aliondolewa katika shamba la kuzalishia mbwa huko Wales. Alikuwa ametumika kuzaa mfululizo. Nyonga zake zilikuwa zimekakamaa kwa kukaa muda mrefu ndani ya kizimba kidogo, uti wa mgongo ulikuwa umepinda, sehemu za mwili wake zilikuwa hazina manyoya, na alikuwa na kifafa.

Mbwa huyo alijulikana kwa jina la Lucy. Alikufa mwishoni mwa mwaka 2016, lakini jina lake limebaki katika sheria. Kanuni zinazoitwa "Sheria ya Lucy" zilianza kutumika England tarehe 6 Aprili 2020. Zinapiga marufuku maduka na madalali kuuza watoto wa mbwa na wa paka walio chini ya umri wa miezi sita. Wales na Scotland zilifuata kwa kanuni zao mwaka 2021.

Tangu hapo, anayetaka mtoto wa mbwa England ana njia mbili halali: kumnunua moja kwa moja kwa mzalishaji, au kumchukua kutoka kituo au kikundi cha uokoaji.

Wengi huidhani njia hii ya pili kuwa rahisi. Mbwa hana kwao, wewe una nyumba, basi mambo yameisha. Kisha wanakutana na fomu yenye maswali mengi, mahojiano ya simu, mtu anayekuja kukagua uzio wa nyumba, na mkataba wa kutia saini. Kwa mtu aliyetoka Afrika Mashariki, ambako mara nyingi mbwa huombwa kwa jirani ambaye mbwa wake amezaa, utaratibu huu unaweza kuonekana kama dharau.

Makala hii inaeleza vikundi hivi ni vya namna gani, kwa nini vinauliza yote hayo, na unachopaswa kujua kabla ya kujaza fomu.

Vikundi vya kuokoa mbwa wa aina moja ni nini?

Uingereza ina historia ndefu ya vituo vya kupokea mbwa. Kituo cha Battersea cha London kilianzishwa mwaka 1860 na Mary Tealby, kwanza katika eneo la Holloway, kabla ya kuhamia Battersea mwaka 1871. Shirika la Dogs Trust lilianzishwa mwaka 1891 kwa jina jingine. Mashirika haya makubwa hupokea mbwa wa kila aina na yana majengo, mabanda na wafanyakazi wa kulipwa.

Vikundi vya aina moja ya mbwa ni tofauti. Kila kimoja hushughulika na aina yake tu: kuna vya Cavalier, vya Chihuahua, vya Dachshund, vya Pug na nyinginezo. Mara nyingi vilianzishwa na wafugaji au wanachama wa klabu za aina hiyo, na Kennel Club, taasisi inayosajili mbwa wa asili nchini humo tangu mwaka 1873, huweka orodha ya vikundi hivyo kwa ajili ya umma.

Vingi havina jengo. Vinaendeshwa na watu wa kujitolea, kila mmoja akiwa nyumbani kwake. Mbwa anapopokelewa hupelekwa katika nyumba ya malezi ya muda, akae na familia ya kawaida kwa wiki au miezi. Familia hiyo ndiyo inayogundua kama anaogopa wanaume, kama anaelewana na paka, kama anajua kupanda ngazi, au kama analia akiachwa peke yake.

Hapo ndipo ilipo faida kubwa ya vikundi hivi. Mwenye kituo cha mabanda anaweza kukueleza mbwa yukoje ndani ya banda. Aliyemlea sebuleni kwake anaweza kukueleza atakavyokuwa sebuleni kwako.

Mbwa hawa hutoka wapi?

Sababu ni nyingi, na si zote zinahusu ukatili. Wapo ambao wenye nao wamefariki au wamehamishiwa katika nyumba za wazee zisizopokea wanyama. Wapo walioachwa baada ya talaka, baada ya kodi ya nyumba kupanda, au baada ya mtoto mchanga kuzaliwa. Wapo walionunuliwa wakati wa janga la Uviko-19, watu walipokuwa wakishinda nyumbani, na baadaye wenye nao wakarudi kazini.

Kundi jingine ni mbwa majike kutoka mashamba ya kuzalishia mbwa. Wakishafikia umri ambao hawazai tena vizuri, hawana faida kwa mfanyabiashara. Baadhi ya wazalishaji huwakabidhi kwa vikundi vya uokoaji, na wengine huondolewa na mamlaka baada ya ukaguzi.

England haizuii kuzalisha mbwa, ila inadhibiti. Tangu Oktoba 2018, mtu ambaye mbwa wake wanazaa mara tatu au zaidi ndani ya miezi 12, na akauza watoto, anahitaji leseni ya halmashauri. Mtoto wa mbwa hapaswi kuuzwa kabla ya kutimiza wiki nane, na mnunuzi anatakiwa amwone akiwa na mama yake. Hata hivyo, biashara ya siri bado ipo, na mbwa wadogo ndio wanaoivutia zaidi: wanakula kidogo, wanabanwa katika nafasi ndogo, na bei yao ni kubwa.

Kwa nini Cavalier?

Cavalier ni mfano mzuri wa kwa nini mtu anahitaji kikundi kinachoijua aina moja kwa undani.

Ni mbwa mdogo, mwenye uzito wa kilo 5 hadi 8 hivi, masikio marefu yenye manyoya laini na macho makubwa. Jina lake linatokana na Mfalme Charles wa Pili, aliyetawala England kuanzia 1660 hadi 1685 na kujulikana kwa kupenda mbwa wa aina hii. Baada ya muda, wafugaji walibadilisha umbo la mbwa hao na pua zikawa fupi. Mwaka 1926, Mmarekani Roswell Eldridge alitoa zawadi ya pauni 25 katika maonyesho ya Crufts kwa atakayeleta mbwa mwenye pua ndefu kama wale wanaoonekana katika michoro ya zamani. Klabu ya Cavalier iliundwa mwaka 1928, na Kennel Club ikaitambua aina hiyo peke yake mwaka 1945.

Aina nzima ilijengwa kutokana na mbwa wachache. Matokeo yake ni magonjwa ya kurithi, na mawili ndiyo makubwa zaidi.

La kwanza ni ugonjwa wa vali ya moyo. Vali iliyo upande wa kushoto wa moyo hulegea, damu huvuja kurudi nyuma, na moyo hupanuka. Mbwa wadogo wengi hupata ugonjwa huu uzeeni, lakini Cavalier huupata mapema zaidi, na wakifikia miaka 10 karibu wote huwa nao kwa kiwango fulani. Daktari husikia sauti isiyo ya kawaida katika mapigo ya moyo miaka kadhaa kabla mbwa hajaonyesha dalili.

La pili ni siringomielia. Fuvu la kichwa ni dogo kuliko ubongo unavyohitaji, majimaji hayapiti vizuri, na vifuko vya maji hujitokeza ndani ya uti wa mgongo. Mbwa huweza kujikuna hewani karibu na shingo bila kugusa ngozi, kulia anaponyanyuliwa, au kukataa kuguswa kichwani. Mtu asiyejua hudhani mbwa ana viroboto au ana hasira, kumbe ana maumivu.

Uzito wa tatizo hili umefika hadi mahakamani. Nchini Norway, shirika la kutetea wanyama lilifungua kesi dhidi ya wazalishaji, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kuzalisha Cavalier kwa namna iliyokuwa ikifanyika kunakiuka sheria ya ustawi wa wanyama.

Hii haimaanishi kwamba Cavalier aliyeokolewa hafai kuchukuliwa. Inamaanisha kwamba anayemchukua lazima ajue anachopokea. Kikundi kinachoijua aina hii kitakueleza mapema kwamba moyo wa mbwa umeanza kuonyesha dalili, na kitakufundisha kumfunga mkanda wa kifuani badala ya ukanda wa shingoni.

Hatua za kumchukua mbwa

Taratibu hutofautiana, lakini vikundi vingi hufuata hatua hizi:

1. Fomu ya maombi. Unaeleza unaishi wapi, na nani, unafanya kazi saa ngapi, una wanyama gani wengine, na umewahi kufuga nini.

2. Mazungumzo ya simu. Mtu wa kujitolea hupitia majibu yako na kukuuliza zaidi. Huu ndio wakati wako wa kuuliza pia.

3. Ukaguzi wa nyumba. Mtu huja kwako, au siku hizi huomba umwonyeshe nyumba kwa video. Haji kuangalia kama kochi lako ni jipya. Anaangalia urefu wa uzio, mapengo chini ya lango, ngazi zenye mwanya, na kama wote wanaoishi humo wanamtaka mbwa.

4. Kukutana na mbwa. Kama tayari una mbwa, naye huja.

5. Mkataba na mchango. Unatia saini, unalipa mchango uliopangwa, na unaondoka na mbwa akiwa amechanjwa, amewekewa chipu ya utambulisho na, mara nyingi, amefungwa kizazi.

Mkataba huwa na sharti moja ambalo wengi hulishangaa: ukishindwa kumtunza, hata baada ya miaka mitano, humpi mtu mwingine wala humuuzi. Unamrudisha kwa kikundi. Sharti hili lipo ili mbwa asirudi tena katika mikono ileile alikotolewa.

Kwa nini maswali ni mengi?

Duka linauza bidhaa, na anayelipa ndiye anayechagua. Kikundi cha uokoaji hakiuzi. Kinamtafutia nyumba mbwa ambaye tayari amepoteza nyumba angalau mara moja, au hajawahi kuwa nayo kabisa. Kila mbwa anayerudishwa huwa na hofu zaidi kuliko alivyoondoka, na kumpatia nyumba ya pili ni kazi ngumu zaidi.

Haya ndiyo maswali yanayowakwamisha waombaji wengi.

Saa za kazi. Mashirika mengi ya ustawi wa wanyama Uingereza hushauri mbwa mzima asiachwe peke yake zaidi ya saa nne kwa mfululizo. Anayefanya kazi ya kutunza wazee kwa zamu za saa 12 atahitaji kueleza nani atakuwa nyumbani. Jibu la "atazoea" halitoshi. Jibu la "mama mkwe anashinda nyumbani, naye amekubali" linatosha.

Nyumba ya kupanga. Kikundi kitataka kibali cha maandishi cha mwenye nyumba. Kwa England, Sheria ya Haki za Wapangaji iliyopitishwa mwaka 2025 inampa mpangaji haki ya kuomba kufuga mnyama, na mwenye nyumba hapaswi kukataa bila sababu ya msingi. Omba kwa maandishi kabla ya kuomba mbwa.

Watoto. Vikundi vingi havitoi mbwa wadogo waliojeruhiwa kwa nyumba zenye watoto wachanga. Mtoto wa miaka miwili anayemnyanyua kwa nguvu mbwa mwenye maumivu ya shingo anaweza kung'atwa, na anayelaumiwa huwa mbwa.

Mbwa mwingine. Kwa mbwa jike waliotoka mashambani, vikundi hupendelea nyumba ambayo tayari ina mbwa mtulivu. Mbwa aliyeishi na mbwa wenzake tu hawaelewi binadamu. Hujifunza kwa kumwangalia mwenzake.

Makubaliano ya familia. Katika familia nyingi za Kiswahili hili ndilo swali zito zaidi. Kwa Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi nzito inayohitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kama bibi anaswali katika sebule hiyo, au wageni huja kwa ajili ya dua, zungumzeni kabla ya fomu kujazwa. Nyumba yenye mtu mmoja asiyemtaka mbwa humrudisha mbwa.

Gharama ni kiasi gani?

Mchango wa kumchukua mbwa kwa kawaida ni pauni mia kadhaa, chini sana ya bei ya mtoto wa mbwa wa aina hiyo sokoni. Lakini mchango si gharama kuu.

Gharama kuu ni matibabu, na hapa kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: bima ya mnyama kwa kawaida hailipii ugonjwa uliojulikana kabla ya bima kuanza. Kama daktari wa kikundi tayari ameandika kwamba moyo una sauti isiyo ya kawaida, basi dawa na vipimo vya moyo vitatoka mfukoni mwako.

Habari njema ni kwamba dawa ipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha mbwa 360 ambao mioyo yao ilikuwa imepanuka lakini hawajaanza kuugua, ulionyesha kwamba dawa ya pimobendani ilichelewesha moyo kushindwa kufanya kazi kwa takriban miezi 15. Kwa mbwa wa miaka minane, huo ni muda mrefu. Ila dawa hutolewa kila siku, maisha yote.

Kwa hiyo kabla ya kusema ndiyo, omba rekodi zote za daktari, zipeleke kwa daktari wa wanyama wa karibu nawe, na uulize matibabu yatagharimu kiasi gani kwa mwezi. Wenye kipato kidogo wanaopokea misaada fulani ya serikali wanaweza kupata nafuu katika hospitali za PDSA, shirika la hisani lililoanzishwa na Maria Dickin mwaka 1917. Uliza kama eneo lako linahudumiwa. Baadhi ya vikundi pia hukubali kuendelea kulipia ugonjwa ambao mbwa alikuja nao. Uliza, na jibu liandikwe kwenye mkataba.

Miezi ya kwanza nyumbani

Watu wa vikundi hivi hutumia kipimo rahisi: siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu. Siku tatu za kwanza mbwa huwa ameshtuka. Wiki tatu huanza kuelewa ratiba ya nyumba. Miezi mitatu huanza kuamini kwamba hapa ni kwake. Kwa mbwa aliyetoka shambani, muda huo unaweza kuwa mwaka mzima.

Mbwa wa namna hiyo huenda hajawahi kukanyaga majani, kupanda ngazi wala kusikia mashine ya kufulia. Anaweza kujisaidia anapolala, kwa sababu ndivyo alivyolazimika kuishi. Kumpigia kelele hakusaidii. Mtoe nje kila baada ya muda mfupi, msifu anapofanya vizuri, na safisha bila kusema kitu anapokosea.

Hatari kubwa ya wiki za mwanzo ni kutoroka. Mbwa mwenye hofu hakimbilii nyumbani, kwa sababu bado hana nyumbani. Anakimbia tu. Tumia mkanda wa kifuani na ukanda wa shingoni kwa pamoja, kila kimoja kikiwa na kamba yake, na usimfungulie hata katika bustani yako bila kuwa naye.

Sheria pia ina matakwa yake. England imefanya chipu kuwa lazima kwa mbwa tangu Aprili 2016, na taarifa zilizomo lazima ziwe za mmiliki wa sasa. Hakikisha zimebadilishwa kuwa kwa jina lako au uelewe makubaliano ya kikundi. Mbwa akiwa mahali pa umma lazima avae ukanda wenye jina na anwani ya mwenye naye. Na chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006, anayemtunza mnyama anawajibika kumpatia mazingira mazuri, chakula kinachofaa, nafasi ya kuishi kwa tabia yake ya asili, kuwa na wenzake au mbali nao kadiri anavyohitaji, na kinga dhidi ya maumivu na magonjwa.

Kwa mbwa mwenye tatizo la moyo, jifunze kuhesabu pumzi akiwa amelala usingizi. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Zikizidi 30 kwa dakika, tena zaidi ya mara moja, mpigie daktari simu siku hiyohiyo.

Tahadhari za jikoni

Kwetu mbwa hupewa makombo. Kwa mbwa wa kilo sita, baadhi ya makombo ni sumu. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu, iwe vibichi au vimepikwa, kwa hiyo mchuzi na pilau si chakula chake. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo, na biriani nyingi za pwani zinawekwa zabibu. Chokoleti ni hatari, na vivyo hivyo sukari bandia iitwayo zailitoli inayopatikana katika baadhi ya pipi za kutafuna. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo.

Waambie wageni. Sikukuu na harusi ndizo siku ambazo mtu mwenye huruma humtupia mbwa kipande chini ya meza.

Jinsi ya kumtambua tapeli

Baadhi ya wauzaji wamejifunza kutumia neno "aliyeokolewa" ili kuvutia wateja. Jihadhari ukiona dalili hizi:

– Unaombwa kutuma pesa kabla ya kumwona mbwa.
– Kila wakati kuna watoto wadogo wa mbwa wa aina ghali. Vikundi vya kweli hupokea zaidi mbwa wazima na wazee.
– Mnakutana kwenye maegesho ya magari badala ya nyumba anamoishi mbwa.
– Hakuna rekodi za daktari, au kuna karatasi isiyo na jina la kliniki.
– Mbwa ameletwa kutoka nchi nyingine na hujaonyeshwa vipimo. Mbwa wanaoingizwa kutoka nje wanaweza kuwa na bakteria wa Brucella canis, ambaye huweza pia kumwambukiza binadamu.
– Hakuna aliyekuuliza swali lolote kuhusu wewe.

Dalili hiyo ya mwisho ndiyo iliyo muhimu kuliko zote. Anayejali mbwa atakwenda wapi atauliza. Asiyeuliza anajali pesa tu.

Katika England na Wales, shirika la hisani lenye mapato ya zaidi ya pauni 5,000 kwa mwaka kwa kawaida linatakiwa kusajiliwa na Tume ya Mashirika ya Hisani. Omba namba ya usajili na uitafute katika daftari la tume hiyo, ambalo liko wazi kwa umma kwenye intaneti.

Na Afrika Mashariki je?

Vikundi vya aina moja ya mbwa ni nadra katika kanda yetu, lakini uokoaji upo. Jijini Nairobi, shirika la KSPCA, ambalo historia yake inaanzia mwaka 1910, hupokea mbwa na paka waliotupwa au kuteswa na kuwatafutia watu wa kuwalea. Wengi ni mbwa wa mchanganyiko, ambao mara nyingi hawana mzigo wa magonjwa ya kurithi kama Cavalier.

Tofauti kubwa ni kichaa cha mbwa. Uingereza ilitokomeza ugonjwa huo kwa mbwa wake mwaka 1922. Kwa upande wetu bado unaua. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa kichaa cha mbwa, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kwa hiyo ukimchukua mbwa wa mtaani Mombasa, Arusha au Bujumbura, chanjo ndiyo hatua ya kwanza, kabla ya jina na kabla ya kamba. Akikung'ata au kukukwaruza mbwa usiyejua kama amechanjwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali upate chanjo bila kusubiri dalili.

Ukikataliwa ufanye nini?

Kukataliwa ni jambo la kawaida, na mara nyingi linahusu mbwa huyo mmoja tu. Uliza sababu. Kama ni uzio, utengeneze. Kama ni watoto wadogo, omba usubirishwe kwa mbwa aliyezoea watoto. Kama ni saa za kazi, fikiria kujitolea kwanza: vikundi vingi vinahitaji madereva wa kusafirisha mbwa mwishoni mwa wiki, na watu wa kuwalea kwa siku chache wakati walezi wa kawaida wanaposafiri.

Njia hiyo ina faida nyingine. Kikundi kitakujua, nawe utaijua aina ya mbwa unayoitaka pamoja na dawa zake, hofu zake na gharama zake, kabla hujatia saini mkataba wa kumtunza maisha yake yote.